Radhi ya mnazi naomba, ya ukuta siombi

Mwenye ukurasa, nifichie jina langu na la mume wangu, maana Bagamoyo hii mtu akipiga chafya huku, kule wamekwisha kumwombea rehema.

Mimi ni mama wa makamo. Umri wangu hasa siujui, ila binti yangu wa kwanza keshaolewa, na wa pili nachukua naye changarawe. Shimo letu liko nje ya mji, njia ya kwendea Fukayosi. Wanaume wanachimba, sisi wanawake tunashuka, tunajaza vikapu na kupandisha kwa kichwa, kwa ajili ya sakafu za majumba ya mawe yanayojengwa mjini. Msimamizi wa shimo ni mume wangu.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Shamba ni la mtu mwingine, lakini minazi mitatu iliyo ukingoni ni ya mama mkwe wangu, aliachiwa na marehemu mumewe. Mnaijua desturi yetu, ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Basi kwa kuwa minazi ya mama haikatwi, ukuta wa shimo haukuweza kulazwa, yaani kuchongwa kwa mteremko. Ukachimbwa wima, na kwa sababu changarawe nzuri iko chini, wakaufukua tumbo hata juu kukabaki kunaning'inia.

Marehemu baba yangu alikuwa mchimba visima. Alinifundisha nikiona ufa nyuma ya ukingo, nichomeke vijiti viwili, kimoja huku na kimoja huku, kisha nikate unyasi unaoenea katikati yake. Kesho yake unyasi ukipwaya, haugusi tena vijiti vyote viwili, ardhi inaondoka. Masika haya niliuona ufa nyuma ya mnazi wa kwanza. Unyasi ulipwaya siku ya kwanza, na ya pili ukazidi.

Nikamwambia mume wangu, akacheka. "Mke wangu, shimo hili limezindikwa. Kuku kachinjwa, ubani umefukizwa, mwalimu kasoma. Ukuta huu hauendi popote."

Nikamjibu, "Bwana, dua siikatai. Lakini mwalimu aliposoma, ukuta ulikuwa na tumbo. Ninyi ndio mmelifukua."

Nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti, nikamwomba mnazi mmoja tu ukatwe, ukingo upate kulazwa. Akasema, "Mwanangu, mafuta ya mnazi ule ndiyo niliyomkandia mumeo alipokuwa mchanga. Omba kingine." Nilimwonea huruma, wallahi. Lakini binti yangu alikuwa akishuka kila siku chini ya mnazi ule.

Asubuhi iliyofuata, watu hawajashuka, mimi na wanawake wawili tukaufunga kamba mnazi, tukaukata, ukaangukia upande wa shamba. Kisha nikaketi kwenye njia ya kushukia, nikasema hapiti mtu mpaka ukingo ulazwe. Wanaume walipofika wakanitukana hata mume wangu akaona haya, akanishika mkono aniinue. Hajaniinua, ukuta ukaporomoka. Pale tunapojazia vikapu pakafukiwa pote. Hakuumia mtu, alhamdulillahi.

Mnadhani nilishukuriwa? Sasa maneno ni kwamba shoka langu ndilo lililoangusha ukuta, na kwamba nimevunja zindiko. Mume wangu ameamua wachimbe upande wa pili, wima vile vile, chini ya minazi miwili iliyobaki. Nami nimeambiwa Ijumaa baada ya sala nisimame mbele ya wazee, niseme kosa la ukuta ni langu. Nisiposema, nipewe talaka.

Kwa mnazi nimekwisha kumwomba radhi mama mkwe, na nililia, kwani ulikuwa mali yake na sikupewa idhini. Ila la ukuta silisemi. Nikilisema, kesho yake wanawake watashuka tena wakidhani hatari imekwisha, na wa kwanza atakuwa binti yangu, kwa amri ya baba yake. Na mume wangu nampenda, jamani. Hilo ndilo linaloniuma.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanyeje? Lakini anayetaka kuniambia nikaseme kosa ni langu, na aje kwanza asimame chini ya ukuta ule mpya, kwa muda wa kujaza kikapu kimoja tu. Akipanda juu akiwa hai, nitamsikiliza.