Kila alikopika shangazi, watu waliugua

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya nimeyaona kwa macho yangu, hapa hapa Songea. Wa kusema ni chai, kwamba nimetunga, aseme tu, sina nguvu ya kubishana.

Mimi ni mtu wa maabara. Shangazi yangu Skola, dada wa marehemu baba, ni mjane, mcheshi, mtu wa jumuiya, na kwenye kupika we acha tu.

Sasa sikia. Alikaa kwa binti yake Namtumbo, nyumba nzima ikaugua taifodi. Akahamia Madaba kwa mdogo wake, nako wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Yeye mzima, hata mafua hana.

Mwisho akaja kwa kaka yangu Otmari, Msamala. Binti wa kaka, Beata, akashikwa na homa hiyo hiyo ya taifodi, utumbo ukatoboka, akafariki. Bado inaniuma.

Baada ya matanga Otmari akasema mbele ya ukoo, "Huyu mama ni mchawi. Apelekwe kwa mganga akanyolewe, la sivyo aondoke kwangu."

Kwa wasiojua, ukishanyolewa nywele namna hiyo umeisha. Hata salamu watu wanakujibu kwa mbali.

Nikaomba siku chache. Nikamfuata shangazi, "Shikamoo. Naomba choo chako nikapime."

Akacheka, "Marahaba. Mwanangu, umekosa kabisa cha kuomba?" Ila akanipa.

Nikakiotesha maabara, kwenye sahani ya kukuzia bakteria. Kufunua ile sahani, wamejaa! Vidoti vyenye weusi katikati. Taifodi nimeiona sana, lakini ya watu wanaotetemeka kitandani, siyo ya mama niliyemwacha uani anapepeta mchele huku anaimba. 

Nitoke nje ya mada kidogo. Huyu bakteria akimezwa na chembe nyeupe za damu, hafi kirahisi. Ana enzaimu kwenye ngozi yake inayohisi ukali wa asidi mle ndani. Inajibandika fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, halafu inaipitisha kwa protini moja tu, mwenzake. Zipo protini nyingine kibao zinazofanana na huyo mwenzake, zote inazipita. Ni kama mtu anayeingia msibani, anapita watu wote, anamnong'oneza mmoja.

Huyo mmoja akishapokea, anawasha jeni, bakteria anabadilisha koti, anaishi pale pale alipotakiwa kufia. Hana ubongo wala macho, lakini hakosei wa kumpa. Kuna siku nikiwaza hilo nashindwa kula.

Wa shangazi walinusurika, wakajificha kwenye mfuko wa nyongo. Utrasaundi ilionyesha mawe, na wao hupenda kukaa humo. Wanatoka kidogo kidogo chooni, mikononi, hadi chakulani.

Nikawaita wote nikaeleza. Shangazi siyo mchawi, ana vijidudu, anatibika. Otmari alilia kama mtoto, akapiga magoti kumwomba radhi.

Nikajiona nimemaliza kazi.

 Shangazi akanigeukia taratibu, "Kwa hiyo mwanangu, wakati wananiita mchawi nilikuwa najua sijamgusa Beata. Wewe sasa ndiye unaniambia nilimuua?"

Wakuu, kesho yake nikampeleka hospitali. Ametibiwa, amefanyiwa upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo, vipimo ni safi. Lakini jikoni haingii tena, na chakula anasubiri apakuliwe.

Nilichojifunza: kama kuna mzee mnamnyooshea kidole nyumbani, mpelekeni hospitali kwanza. Na mkishapata majibu, msikimbilie kushangilia mbele yake.

Karibuni mchangie. Ingekuwa wewe, ungemjibu nini?