Kidole cha Dobi

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni dobi wa hospitali. Kwa miaka kumi na mmoja amefua mashuka ya wagonjwa kwa malipo ya kutwa, na hapa uani kila mtu anamwita Dobi. Mapacha wangu nimewafundisha wamwite Shangazi. Hana mume wala mtoto. Akirudi jioni nasikia ndoo ikiwekwa chini, kiti kikivutwa, halafu redio kwa sauti ya chini. Baada ya hapo kimya. Mimi ni mtu wa kusikiliza kuta, tangu nilipopata watoto sijui kulala kama wenzangu.

Mwezi uliopita hospitali ilimwambia itamwajiri rasmi, awe na mshahara, likizo na matibabu. Ilimtaka alete barua kutoka ofisi ya kumbukumbu za mikopo, ya kuonyesha kwamba hadaiwi, na mwisho wa kuipeleka ni tarehe thelathini. Akaenda kuichukua kama mtu anayekwenda kuchukua nguo yake kwa fundi, maana hajawahi kukopa hata chumvi. Jioni alibisha mlango wangu.

"Mama Pacha, wewe ndiye katibu wa kikundi chetu. Hebu nisomee hii."

Nilisoma mara mbili. Karatasi ilisema ana mkopo kwenye kampuni moja ya mikopo, haujalipwa kwa miezi minane, na kwamba yeye ni mdaiwa sugu.

"Sugu ni nani?"

"Ni wewe, dada."

Alikaa kwenye kigoda changu akaangalia mikono yake. Na mimi nikawa sina pa kuangalia, maana habari za deni hilo nilikuwa nazo siku nyingi.

Kikundi chetu cha akina mama kina watu kumi na wanne. Wote isipokuwa yeye tulikuwa tumepigiwa simu na kampuni hiyo. Sauti ya kiume yenye adabu ilituambia, "Mwambieni mwenzenu alipe, asiwaaibishe." Hatukumwambia. Kila mmoja alidhani mwingine atamwambia, na kila mmoja aliamini kwamba ni kweli amekopa. Tukaanza tu kujisogeza. Kwenye mkutano mkeka upande wake ukabaki mtupu. Akichangia neno, tunaguna. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimtuma mwanangu kuazima pasi kwake, nikaacha.

"Walikupigia na wewe?" aliniuliza.

"Walinipigia."

"Lini?"

"Tangu mvua zianze."

Alihesabu miezi kwa vidole, akafika wa tatu, akaacha. "Ndiyo maana," alisema, akaikunja ile karatasi.

Alhamisi nilimsindikiza mahakamani. Pale ukumbini kuna meza ya msaada wa sheria, na mwanamke anayekaa hapo watu wanamwita Wakili wa Bure. Ni mtu mzima, ana kikohozi na mfuko wa plastiki uliojaa mafaili. Dobi alikuwa amekuja na akiba yake yote imefungwa kwenye kitambaa.

"Nataka niwalipe wanipe barua," alisema. "Tarehe thelathini haiko mbali."

"Funga kitambaa chako, mama. Ukilipa hata kidogo umekubali kwamba deni ni lako, na jina lako litabaki na doa hilo."

"Sasa nitathibitishaje kwamba sikukopa?"

"Si kazi yako. Wao ndio wathibitishe kwamba ulikopa."

Akatupangia mambo. Kwanza polisi, tukatoe taarifa kwamba mtu ametumia kitambulisho chake. Halafu barua ya pingamizi kwa ofisi ya kumbukumbu. Wakishaipokea wanapaswa kuandika kwamba deni lina ubishi, wachunguze kwa siku walizowekewa, na mdai asipoleta ushahidi walifute. Barua nyingine iende kwa kampuni, waonyeshe mkataba wenyewe, si maneno ya kwenye kompyuta. Kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa na nakala ibaki kwetu.

Polisi tulikaa kwenye benchi kutwa nzima. Askari wa zamu alimuuliza Dobi kama ana uhakika hakukopa akasahau.

"Afande, mimi nakumbuka hadi shuka lililopotea mwaka juzi," alimjibu.

Kampuni ilitukalisha siku tisa ndipo ikatuita, Wakili akafuatana nasi. Meneja alikuwa mwanaume wa makamo, miwani imeshuka puani. Aliusukuma mkataba mezani kama mtu anayecheza karata ya mwisho.

"Huyu hapa. Jina lake, namba ya kitambulisho chake, dole gumba lake. Tunabishana nini?"

Chini ya karatasi kulikuwa na alama ya dole gumba, safi, kila mstari unaonekana. Wakili aliisogeza karibu na macho. Kisha akaomba kidau cha wino.

"Mama, weka dole hapa."

Dobi aliweka. Likatoka doa jeusi, laini kama limepakwa kwa kitambaa. Akaambiwa arudie. Doa. Wakamjaribu la kushoto. Doa.

"Dawa ya madoa imelila," Dobi alisema, karibu kwa kuomba radhi. "Vidole vyote kumi. Hata kwenye simu yangu walinisajili kwa sahihi, mashine ilinikataa."

"Labda siku ile vilikuwa..." meneja alianza.

"Vilikuwa vimeota?" Wakili aliuliza. "Vikaota siku ya mkopo, kesho yake vikang'oka?"

Meneja alivua miwani. Alikiri kwamba alama si ya Dobi. Lakini alisema hawezi kufunga jalada hivi hivi, makao makuu watamuuliza kitambulisho kilimfikiaje mwizi kama mwenyewe hakukitoa. Akafunua ukurasa wa nyuma. "Kiliambatanishwa hiki."

Ilikuwa fotokopi ya kitambulisho cha Dobi, imefifia, na chini yake orodha ya simu za sisi wenzake kumi na watatu.

Karatasi ile niliijua. Katika kikundi tuna desturi kwamba kila mmoja anatoa kitambulisho, katibu anatengeneza nakala, na chini anaandika simu za wenzake wote ili mtu asitoroke akishapokea pesa za zamu yake. Mwaka jana nilizipeleka dukani kutengeneza nakala. Wino wa mashine ulikuwa unaishia, za kwanza zikatoka hafifu. Nikamwambia mwenye duka arudie. Nilichukua zile nzuri, mbovu nikaziacha kwenye rundo lililo mlangoni, ambalo wauza karanga huchukua bure kufungia. Nilikuwa na haraka, pacha mmoja alikuwa na homa.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Lakini tarehe ilikuwa ishirini na tano.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyeiacha dukani."

Dobi hakugeuka. Wakili alinipa kalamu na karatasi, nikaandika maelezo yangu palepale kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba, nikatia sahihi.

Kampuni ilifuta deni siku iliyofuata, na barua ya ofisi ya kumbukumbu ikatoka tarehe ishirini na tisa. Wakili alimwambia Dobi kwamba bado anaweza kuwashtaki alipwe fidia, kwa kumchafulia jina na kuwatangazia watu deni la uongo.

"Fidia waache," Dobi alisema. "Wawapigie wote waliowapigia. Mmoja mmoja. Kwa sauti ileile."

Wakili akaliandika hilo kwenye makubaliano, meneja akasaini.

Tarehe thelathini hospitali ilimwajiri. Jumamosi simu zikaanza. Yangu ililia nikiwa napepeta mchele. Sauti ya kiume yenye adabu ilinijulisha kwamba jirani yangu hakuwahi kudaiwa na kampuni, kwamba wanaomba radhi kwa usumbufu, na kama nina swali niulize. Nilitaka kuuliza mambo mengi ambayo yeye hawezi kuyajua. Nikasema sina.

Jioni akina mama walikuja, lakini walikuja kwangu. Walisimama mlangoni wakinong'ona, wananituma nimpelekee pole yao.

"Mlango wake ule pale," niliwaambia.

"Ah, Mama Pacha, tutaanzaje? Wewe ndiye uliyezunguka naye."

Kwa upande wa pili wa ukuta redio ilikuwa imezimwa. Alikuwa anasikia, nina hakika, kama mimi ninavyomsikia yeye. Wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyebisha.

Siku hizi anavaa sare mpya ya buluu. Asubuhi tukikutana bombani ananisalimia vizuri, anauliza mapacha wameamkaje, nami namwambia hawajambo. Hajawahi kulitaja lile rundo la karatasi. Ila ufunguo wa chumba chake, ambao kwa miaka yote alikuwa akiuacha kwangu anapokwenda zamu, sasa anaondoka nao.

Kila asubuhi namsubiri mlangoni, mkono wazi, nikijifanya nakausha vidole.