Kumfuata Mjomba Matombo kwa Pikipiki ya Baba

Dada yangu Felista alikuwa anaolewa Jumamosi mjini Morogoro, na kwetu Waluguru binti haolewi mjomba akiwa hayupo. Mjomba Kobelo, aliyetulea, alikuwa kijijini Matombo, nyonga inamsumbua, na mvua zilikuwa zimezuia malori. Majirani walijitolea kumbeba kwa machela. Akakataa kabisa, machela ni ya wagonjwa, alisema, na yeye anakwenda harusini. Ikabaki pikipiki ya marehemu baba, ya Kiingereza, inayonizidi umri.

Wiki ile nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe. Injini ilicheza kwa sababu matundu ya mabamba yanayoishikilia kwenye fremu yalikuwa yamelika. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa vitu, nikanunua bolti mpya zinazong'aa. Kisha nikakata makatambuga yangu ya zamani, vile viatu vya tairi, nikapachika vipande vya tairi kati ya bamba na fremu ili kutuliza mtetemo. Nilijiona fundi kwelikweli.

Alhamisi asubuhi niliondoka nikiimba. Hadi Bigwa mambo yalikuwa shwari. Kwenye mlima wa Kiroka mikono ikaanza kufa ganzi. Mbele ya Mkuyuni mnyororo ukachomoka, nikaurudisha, ukachomoka tena. Raba zilikuwa zimejikunja na injini nzima imehamia upande. Nikaanza kusukuma. Mama mmoja mwenye tenga la ndizi aliniuliza kama ng'ombe wangu kagoma, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Matombo nilifika alasiri, tope hadi magotini, nikaenda moja kwa moja kwenye karakana ya misheni. Fundi alikuwa Masanja, Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu. Alichungulia chini ya tangi, akavuta kipande cha tairi.

"Kumbe kwa Waluguru hata pikipiki huvaa makatambuga," akasema.

Akanieleza kwamba injini ya namna hii hukazwa pamoja na fremu viwe kitu kimoja, na kwamba raba imeipa nafasi zaidi ya kucheza. Kazi aliiweza, lakini alikuwa na tela la misheni la kumaliza. Nije Jumatatu.

Nilikuwa bado nambembeleza alipoingia mjomba, anachechemea na fimbo yake. Habari za mtu anayesukuma pikipiki zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu."

Nikamweleza. Mjomba alichukua kinyago cha Masanja cha kuchomelea, akakiweka juu ya kigogo, akakikalia.

"Mzee, nipe kifaa changu."

"Nimechoka, mtani. Nitapumzika hapa mpaka Jumatatu."

Mtani akikalia kitu chako humwinui kwa nguvu. Wafanyakazi wa karakana waliacha kazi kutazama. Masanja alizunguka kile kigogo, akatukana ukoo wetu wote kwa madaha, naye akaambiwa na mjomba kwamba babu zake walizoea kubeba mizigo kichwani na pikipiki ameijulia wapi. Mwishowe akacheka, akawaomba ruhusa wenye tela, wakampa.

Alifungua mabamba, akajaza matundu kwa kuchomelea, akayatoboa upya yakalingana, akaongeza kipande cha chuma kukaza kila bamba. Bolti zangu zinazong'aa alizitupa kwenye ndoo, akatoa nyingine za lori bovu, ngumu na zimejaa kutu. Alipopiga kiki, injini iliunguruma bila kurukaruka. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Masanja alijichukulia mkungu wa ndizi nyumbani kwa mjomba bila kuomba, na hakuna aliyemzuia.

Ijumaa tulishuka taratibu, mjomba nyuma yangu juu ya mto wa sufi, akiwapungia watu mkono njia nzima kama mgombea ubunge. Mimi nilikuwa najifunza. Nilidhani kitu kinachotikisika hutulizwa kwa kuwekewa laini; sasa nilihisi chini ya miguu yangu mashine iliyotulia kwa sababu imekazwa. Karibu na Kiroka tulipita kwenye dimbwi, tope likatupaka sote usoni. Mjomba akaniamuru nisisimame.

Felista alikuwa uani anajaribu shela, wakwe wamekaa wanangoja jibu la upande wetu. Mjomba alishuka mwenyewe. Wakasimama, wakamwuliza kama wamepewa binti.

"Subirini nimwone kwanza," akasema.

Felista alimkimbilia, analia na kucheka, akamfuta tope usoni kwa shela lake jeupe. Shangazi akapiga kelele kwamba litafuliwa usiku uleule. Felista alikataa. Kesho yake aliingia nalo kanisani hivyohivyo, doa likiwa mbele.