Ameniandika vizuri kwenye insha ya chuo, hajui nilichomfanyia

Admin, nifiche jina na usiweke picha yoyote, maana nusu ya wateja wangu wa chipsi wapo humu na wanapenda umbea kuliko kachumbari.

Mimi ni mama wa miaka 46, nina banda la chipsi na kuku hapa Singida mjini. Mume tuliachana, watoto wangu wawili wanajitegemea. Niseme mapema kwamba mimi si mpole. Mdomo ninao, na wasichana wa kazi wamenikimbia wengi. Aliyenivumilia ni mmoja tu, nitamwita Tabitha. Alianza akiwa kidato cha tano, anakuja Jumamosi na likizo ili apate hela ya matumizi. Kwao ni Mkalama, mbele ya Nduguti. Baba hana, mama yake alikuwa mkulima wa alizeti. Ndani ya mwezi mmoja binti alikuwa anakaanga kunizidi. Simu hakuwa nayo, kwa hiyo ndugu zake walimpata kwa namba yangu.

Jumamosi moja mwaka jana tulikuwa na oda ya mahafali, sahani themanini, zinatakiwa saa nane mchana. Saa tatu asubuhi nikiwa nje namwaga maganda, mjomba wake akapiga. Akasema, "Dada, mwambie Tabitha mama yake kazidiwa. Tangu alfajiri anamtaja yeye tu. Apande gari ya saa nne, atamkuta."

Nikamjibu, "Sawa kaka, namwambia sasa hivi."

Sikumwambia. Nilirudi ndani nikamkuta yuko kwenye karai, mafuta yameshachemka, viazi ndoo tatu vinamsubiri, na ile oda peke yangu nisingeiweza. Nikajipa moyo kwamba wagonjwa huzidiwa na kupata nafuu, akienda na gari ya mchana si atafika vilevile. Alikuwa anaimba pambio. Nikamwambia apunguze moto.

Saa saba na nusu mjomba akapiga tena. Mama ametutoka. Akauliza, "Huyo mtoto mbona hajafika?" Mimi, kwa mdomo huu huu, nikasema, "Alichelewa kutoka, kaka."

Tulipokabidhi oda nilifunga banda. Mnajua taratibu zetu, mtu aliye mbali hapewi taarifa ya msiba kwa ghafla. Anaambiwa kuna mgonjwa nyumbani, anasindikizwa, akifika ndipo anaambiwa. Nikafanya hivyo hivyo. Nilimnunulia soda na nikamshika mkono mpaka kwao. Alipoona turubai na watu wamekaa chini, alielewa. Mimi ndiye niliyemdaka asianguke. Wanawake wakasema Tabitha amepata bosi mwenye utu, na mimi nikaitikia asanteni.

Baada ya mazishi mjomba alinivuta pembeni. Akasema, "Dada, mtoto anaitwa na mama yake anayekata roho, yeye anachagua chipsi. Hatutamgombeza, ni mfiwa. Ila asije akatutegemea tena." Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifunga khanga yangu vizuri, nikaaga. Tangu siku hiyo kwao hawampigii, na akipiga yeye wanamjibu kwa mkato. Yeye anaamini mjomba alipiga mara moja tu, mama akiwa ameshafariki, na mjomba hajawahi kumuuliza.

Sasa Tabitha amemaliza kidato cha sita na amefaulu. Kuna chuo kinatoa ufadhili, na mwombaji anatakiwa aandike insha kuhusu kazi aliyowahi kufanya na ilichomfundisha. Yeye ameandika kuhusu banda langu. Wiki iliyopita alinisomea. Ni Kiingereza, ila alinitafsiria huku namenya viazi. Mwanzoni nilicheka sana, maana ameandika jinsi ninavyowagombeza wanaume wanaoomba kuongezewa kipande cha kuku bure. Kisha akasoma hivi: "Siku mama yangu alipofariki, mwajiri wangu alijua kabla yangu. Alinyamaza ili nisiumie njiani. Nilijifunza kwamba kunyamaza kunaweza kuwa upendo. Ndugu zangu wamenitenga na sijui kosa langu, lakini yeye hakuniacha."

Nikamwambia naenda kununua mkaa. Nililia nyuma ya banda mpaka jirani muuza mitumba akaja kuuliza nimefiwa na nani.

Kuna fomu inataka saini ya mwajiri, athibitishe kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa, na leo ni Jumatano. Kila akiniuliza nimesaini, nasema sijaiona miwani yangu. Miwani ninayo kichwani.

Nikisaini, anaweza kupata chuo, lakini kwao atabaki binti aliyempuuza mama yake, na atakuwa amepata elimu kwa uongo wangu. Nikimwambia kabla, namjua, hataituma ile insha. Atajifungia ndani na Ijumaa itapita, na mimi sina uwezo wa kumlipia ada. Nikimwambia baadaye, atanichukia mara mbili, na haki yake. Wa kuniandikia kwamba yaliyopita si ndwele naomba anipite tu. Kwangu yamepita, huyu mtoto bado anayaishi.

Jana wakati tunafunga aliniambia, "Mama, nataka niweke ile siku vizuri kwenye insha. Unakumbuka mjomba alipiga saa ngapi?" Nilikuwa namtazama usoni kabisa. Nikamwambia saa saba na nusu. Akaiandika, akanishukuru.

Nitukaneni mkimaliza mnishauri. Nisaini ile fomu, au nimkalishe chini nimwambie kwamba simu ya kwanza ilipopigwa mama yake alikuwa hai, na alikuwa anamwita?