Mahali Neva Inapokutana na Msuli

Mpwa wangu wa Malindi, binti ya dada yangu, alikuwa akiamka mzima na kuchoka kabla ya adhuhuri. Asubuhi alisuka ukili wa mikeka bila taabu. Mchana kope zilimwangukia, na mikono haikupanda hata kuchana nywele. Kilichomshinda zaidi ni kuinuka sakafuni, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani aliswali juu ya kiti, kijana kama yule, na watu wakamsema.

“Huyu kazi yake kukaa tu, kama bibi harusi,” shangazi yake alisema mbele yangu.

“Basi shangazi, nitafutie bwana harusi. Kiti ninacho.”

Tulipobaki wawili hakucheka. “Mjomba, mimi nataka niswali chini kama watu. Mengine nitayavumilia.”

Daktari wa kwanza alidhani ni maradhi ambayo mwili hujishambulia wenyewe, akampa vidonge vyake. Mpwa wangu akazidi kulegea. Huko kuzidi ndiko kulikonizindua. Ninafanya kazi katika maabara ya utafiti Kilifi. Niliingia kama fundi wa majokofu, mengine nimejifunza kwa kusoma. Nilikuwa nimesoma juu ya magonjwa ya kurithi yanayoshika pale neva inapoupa msuli amri, na kwamba mmoja kati yake huchochewa na vidonge vilevile. Nilipomweleza daktari anayeongoza utafiti wetu, alikuwa amekwisha kulifikiria kabla sijamaliza maelezo.

“Lete na wazazi,” aliniambia. “Bila damu yao tutabahatisha.”

Dada yangu alikubali mara moja. Mumewe, ambaye ni mtoto wa ami yetu, alikataa. Alidhani tunatafuta ila ya ukoo wake.

“Ukoo wangu una nini?”

“Ukoo wako ndio wangu,” nikamwambia. “Babu yetu ni mmoja. Ikiwa ni aibu, tutagawana.”

Akakunja mkono wa kanzu.

Siku majibu yalipotoka kwenye mashine, daktari aliniita kwenye kompyuta. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Katika jeni tuliyoishuku, moja ya nakala mbili za baba wa binti ilikuwa na herufi chache zilizojirudia pasipo pake. Moja ya nakala mbili za mama yake vilevile, mahali palepale. Binti alikuwa amerithi zote mbili mbovu. Nilizifuata kwa kidole juu ya kioo, nikarudia. Daktari, mtu asiye na maneno mengi, alisimama, akaizunguka meza, akaketi, akasimama tena.

“Unajua dawa yake?”

“Ya pumu.”

“Ya pumu,” alisema, na tukacheka hadi mwenzetu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Ndivyo ilivyo. Salbutamoli ya vidonge, ambayo wenye pumu wanaijua, huimarisha kiungo hicho cha neva na msuli, ingawa wataalamu hawajamaliza kueleza namna gani. Haiponyi, na magonjwa mengi ya misuli tunayoyachunguza bado hayana kidonge chochote. Tulisubiri maabara nyingine ithibitishe jibu. Ndipo daktari alipomwachisha vidonge vya kwanza na kumwanzishia hivi.

Wiki za mwanzo hakukuwa na badiliko, na kila nilipompigia simu alinijibu, “Mjomba, mimi si maabara.” Kisha siku moja dada yangu akaniambia kwamba binti yake amefua mapazia yote bila kumwambia mtu.

Nilikwenda nao kliniki. Daktari alitandika mkeka, akamwomba akae chini kisha asimame asishike kitu. Dada yangu akanyoosha mkono kumsaidia.

“Mama, niache.”

Alikunja goti, akatulia kidogo, akainuka. Daktari akamwomba arudie, akarudia. Daktari akageuka kuandika, na alipoinua kichwa, mpwa wangu alikuwa chini tena, paji la uso mkekani, akijiandaa kuinuka mara ya tatu bila kuombwa.