Kisulisuli na Usingizi wa Sante

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilipewa kazi ambayo hata watu wazima huikimbia: kumlaza mchana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwezi wa pili, ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dari. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wangu Elisante, tuliyemwita Sante, na nyumba ilikuwa yetu, Terrat, tambarare, enzi ambazo kata ile ilikuwa na vumbi na miiba mingi kuliko watu. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, alipomaliza kuezeka alisema dari itafuata. Mpaka leo inafuata.

Tulikuwa tumeshuka kutoka mlimani, Meru, kwenye migomba na kahawa, mahali ambapo asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Mama alikuwa fundi cherehani mjini, anaondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo Bibi mzaa baba alikuja kumlea Sante. Akashuka na mlima wake wote. Alileta kofia tatu za sufu alizofuma mwenyewe, sweta, soksi nene na blanketi zito la mistari, na vyote alimvalisha mtoto kama vile bado tunaamka kwenye umande. Dirisha lilifungwa, mlango ulifungwa, na mimi nilikaa pembeni jasho likinitiririka mgongoni, nikimpepea Sante kwa jalada la daftari.

Msimcheke Bibi yangu. Kwao, mtoto aliyefunikwa vizuri ndiye mtoto mwenye mama. Na zaidi ya baridi, kulikuwa na kisulisuli.

Aliyeishi tambarare zile wakati wa kiangazi anakijua. Jua likiwa utosini, upepo unaanza kujizungusha wenyewe katikati ya uwanja, unaokota vumbi, majani na mifuko ya plastiki, unasimama wima kuushinda mti, kisha unaanza kutembea. Watoto wengine walikikimbilia na kukitemea mate kwa fujo. Bibi hakuwa na mchezo nacho. Aliingia ndani, akafunga komeo, akanyunyiza chumvi kwenye kizingiti. Alisema ndani yake kuna mwenyewe anayetembea, na kikimkuta mtoto amelala wazi kinamchukulia usingizi wake. Mtoto aliyechukuliwa usingizi hadumu.

"Umejuaje, Bibi?" nilimuuliza siku moja. Nilikuwa mtoto wa maswali, na maswali mengine yalistahili kofi.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

"Nilikuwa na mwana kabla ya baba yako. Anaeli. Tulishuka kupalilia shamba la chini, kule chini ya Kikatiti, nikamlaza kivulini. Kisulisuli kikampitia juu yake, nikikiona kwa macho yangu. Jioni akachemka. Nikampandisha nyumbani, nikamfunika siku tatu, sikumwachia hata pua." Akatupa harage bovu. "Siku ya nne tukamzika."

Tangu siku hiyo nilinyunyiza chumvi bila kuambiwa.

Lakini Sante hakulala. Alisinzia dakika kumi, akazinduka akilia, nywele zimeloa. Shingoni na kwapani harara ilimjaa mpaka ngozi ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Jioni alikuwa na kisirani cha mtu mzima, anatupa kikombe, anajipigiza sakafuni, na Mama aliyetoka kukanyaga cherehani kutwa nzima alimbeba huku na yeye machozi yanamlengalenga. Usiku, Bibi akishaanza kukoroma, Mama alimvua kofia na soksi kimyakimya. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alimvalisha tena. Niliona, nikajifanya nimelala. Mama mkwe habishiwi, na Mama hakubisha. Alifungua vifungo tu.

Aliyefungua mdomo alikuwa jirani yetu, Mama Zuhura, mtu wa Tanga, aliyekuwa na watoto watano na hakuna hata mmoja niliyewahi kumsikia akilia mchana. Alinikuta kisimani.

"Mwanangu, huyo mdogo wako mnamlaza au mnamvumbika kama ndizi?"

Nikamweleza habari ya kisulisuli. Akatikisa kichwa, lakini hakumdharau Bibi. Alisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, halafu akanifundisha. Kabla ya kulala, mwogeshe maji ya kawaida, yasiwe ya baridi yakamshtua. Mpe maji ya kunywa. Mwache na nepi peke yake. Mlaze mkekani, chini, kwa sababu joto la bati linakaa juu. Loweka kanga, ikamue, itundike mlangoni upepo upite hapo.

"Na kikija?"

"Hata kwetu kipo. Soma dua, mwanangu. Lakini mtoto apumue."

Jumatano Bibi alikwenda kwenye ibada ya akina mama kanisani. Nilirudi kutoka shule saa sita na nusu, akanikabidhi mtoto, akanikumbusha chumvi, akaenda na kitabu chake cha nyimbo. Nilimtazama mpaka akakata kona. Kisha nikafungua mlango na dirisha, nikafanya yote kama nilivyofundishwa. Sante alipovuliwa kofia alishika kichwa chake kwa mikono miwili, anashangaa. Kwenye beseni alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba mdogo wangu anacheka.

Alilala kabla sijamaliza wimbo. Alilala kifudifudi, matako juu, mdomo wazi, na kanga mbichi ikipulizwa taratibu mlangoni. Nikakaa karibu yake kumlinda, na nasema wazi nilijisikia mtu mkubwa kuliko Bibi na Mama na mwalimu mkuu. Nikamtazama tumbo likipanda na kushuka. Na mimi nikalala.

Kilichoniamsha ni bati. Lilipiga kelele mara moja, kanga ikanichapa usoni, na chumba chote kikageuka rangi ya udongo. Sikuona mkono wangu. Nilimsikia Sante akikohoa, halafu akipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Vumbi liliposhuka alikuwa ameketi mkekani, uchi isipokuwa nepi, mwekundu kutoka nywele mpaka vidole. Na Bibi alikuwa amesimama uani.

Nilisubiri fimbo. Ningeipokea kwa shukrani. Bibi aliingia, akampangusa mtoto macho, pua, masikio, akamvalisha kofia, sweta, soksi, moja baada ya nyingine.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Bibi."

Hakuniuliza tena. Jioni, Sante alichemka.

Siku mbili zilizofuata nimezibeba mpaka utu uzima. Bibi alimwambia Mama kwamba mtoto ana homa, basi, hakunitaja. Mama alinunua dawa ya maji ya homa, akamnywesha, akaenda kazini kwa sababu nguo za shule za watu zilikuwa zinamsubiri. Bibi akaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa gunia na kuongeza blanketi la pili. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, darasani, moyoni mwangu, kila mahali: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumamosi ndiyo siku ya nne. Niliamini nimemuua mdogo wangu kwa kutaka alale vizuri. Nilimwomba Mungu anichukulie mimi usingizi wangu wote, nisilale tena mpaka nife, amwache Sante.

Ijumaa nilipotoka shule nyumba ilikuwa kimya. Sante halii. Alikuwa mapajani mwa Bibi, macho nusu, midomo imekauka, kichwa kinaangukia upande wowote kikiachiwa. Nikapiga magoti.

"Bibi, twende zahanati."

"Jambo la upepo haliko zahanati, mjukuu wangu."

"Kesho ni siku ya nne!"

Nililisema kwa kelele, mimi ambaye sikuwahi kumpandishia mtu mzima sauti. Bibi alinitazama. Nadhani ndipo alipojua kwamba na mimi nilikuwa nahesabu. Akainuka, akachukua mbeleko.

Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa, jua la saa nane. Nesi alikuwa dada mnene, mchangamfu, aliyesema "shikamoo Bibi" huku tayari mkono wake uko kwenye blanketi. Alipoingiza mkono ndani uchangamfu ulimtoka.

"Mungu wangu. Mvueni huyu mtoto. Mvueni vyote."

Bibi alimlaza Sante kitandani, akashika kamba ya kofia iliyofungwa chini ya kidevu. Akaishika tu. Vidole vilivyoifuma kofia ile havikuweza kuifungua.

"Mvue wewe, Ndeshi," akaniambia. "Mikono yangu inakataa."

Nikaifungua. Mvuke ulitoka kwenye kile kichwa kidogo, au labda naongeza chumvi. Lakini sufu ilikuwa imeloa chepechepe. Nesi alimpangusa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akamchoma kidole, akatupatia kijiko na chupa ya maji ya chumvi-sukari tumnyweshe kidogo kidogo. Ilikuwa malaria.

"Imeingia Jumatano?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa ya panya.

"Jumatano ya wapi? Mbu aliyemwuma huyu alimwuma wiki moja au mbili nyuma. Haiingii leo ukaugua leo. Ila hayo mablanketi, Bibi, yalikuwa yanammalizia kazi."

Nilitaka kuruka. Mzigo wa siku mbili ulidondoka pale sakafuni, na ni aibu kusema kwamba sikumwangalia Bibi wakati unadondoka. Nilimwangalia aliposema.

"Mwanangu," alimwambia nesi, kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia. "Na mtoto mwenye homa akifunikwa hivi siku tatu nzima, asiachwe hata pua?"

Nesi alikuwa anaandika kwenye kitabu chake. Hakujua anaulizwa nini. Wala hakuinua kichwa.

"Huyo utamzika, Bibi."

Bibi akasema, "Asante, mwanangu." Akakunja blanketi mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka likawa dogo kabisa, akaliweka mapajani na kulishika kwa mikono miwili. Sante alianza kunywa. Jioni alilia, na nesi akasema kilio hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Sante alipona. Ana miaka yake sasa, ana kitambi, analala popote, hata kwenye benchi la benki. Lakini kiangazi kile hakikuisha siku ile, na mchana uliendelea kuwaka mpaka mvua za masika. Bibi hakufunga mlango tena. Kila mchana nilimwogesha Sante, nikamlaza mkekani na nepi yake, chandarua juu, na Bibi aliweka kigoda katikati ya mlango, akakaa hapo, mgongo nje, uso ndani. Upepo ulimpita ubavuni ukamfikia mtoto. Kisulisuli kilipotembea uwanjani hakuinuka. Alivuta tu kanga kichwani.

"Bibi, ingia, vumbi litakujaa," nilimwambia.

"Acha kije. Kitanikuta mimi kwanza."

Chumvi hakunyunyiza tena. Wala jina la Anaeli hakulitaja tena, mpaka anakufa.

Sasa nina binti wa miaka miwili, tunaishi Kijenge, na mwezi wa pili bado ni mwezi wa pili. Namwogesha maji ya kawaida, namwachia nguo nyepesi, dirisha wazi, neti imebana. Vumbi likiinuka barabarani navuta kiti na kukaa mlangoni, mgongo nje. Mume wangu hunitania kwamba nimekuwa mlinzi wa getini. Namwacha acheke.

Kuna jambo moja ambalo halinichekeshi. Nilipokuwa sekondari nilijifunza kwamba watu wa mlimani wa zamani, waliposhuka kulima tambarare, walikutana na mbu ambao kule juu kwenye baridi hawakuwa nao, na watoto wachanga ndio waliopukutika. Anaeli alipelekwa na kurudishwa shamba lile majuma mangapi kabla ya kile kisulisuli, nani ajuaye? Huenda ilikuwa malaria, na kwa malaria ile, bila dawa, angekufa akiwa amefunikwa au akiwa uchi mtoni. Nesi alijibu swali la haraka kwa jibu la haraka, na Bibi akalibeba kama hukumu. Alikuwa ameacha kuulaumu upepo kwa kifo cha mwanawe, akaanza kuilaumu mikono yake mwenyewe. Upepo unaweza kuulaumu na bado ukala. Mikono ndiyo unayolia chakula.

Nililijua hilo nikiwa na miaka kumi na sita, na Bibi, aliyekuwa amerudi kwake mlimani, aliishi miaka mingine kumi na moja. Kila likizo nilipanda mlimani nikiwa nimeyapanga maneno ya kumwambia. Kila mara nilimkuta kibarazani, ameweka mikono yake mapajani, anaitazama. Nilisema shikamoo. Akasema marahaba, mjukuu wangu, umekula? Nikanywa chai yake, nikashuka.