Mama Aliyesema Kwao ni Ntobeye

Juzi, kwenye hema la daktari mgeni anayetafiti na kutibu saratani ya matiti katika kambi ya wakimbizi wilayani kwetu Ngara, mama mmoja alifunua titi lenye uvimbe. Mkalimani alisikia Kihangaza chake, lugha ya wenyeji wa Ngara, akadhani ni Kirundi.

"Ulikimbia lini, mama?"

"Nikimbie nini? Kwetu Ntobeye, hapa hapa Ngara."

Mkalimani akamfunika kwa kitenge cha mama huyo. "Pole. Dawa hizi ni za wakimbizi."

"Kwa hiyo nivuke mto Ruvubu niingie Burundi, kisha nirudi mbio, ndipo mnitibu?"

Daktari akauliza mama amesema nini.

"Anashukuru," mkalimani akajibu.

Mimi niliyekuwa mlangoni nikafoka kwa Kiingereza changu cha kujifundisha kwamba hakushukuru hata kidogo! Nikatolewa nje pamoja na mama huyo. Angedanganya kwamba katoka Burundi, leo angekuwa anatibiwa. Hiyo ndiyo faida ya kusema kweli wilayani kwetu.